Nyimbo Mbili za Njia ya Nne

Leo Ijumaa, tarehe thelathini, saa kumi alasiri, dereva wa Njia ya Nne atarudisha ufunguo wake baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kazi. Katika muda huo amepeleka magodoro, majokofu, magunia ya unga, dawa za kisukari, madaftari ya shule na, mara moja, keki ya harusi ya ngazi nne aliyoipakata mwenyewe huku utingo wake akiendesha. Hapa ghalani tunamwita Mjomba. Hata meneja wa usafirishaji humwita hivyo, ingawa wiki hii amelitamka jina hilo akiwa amebana meno.

Mkiangalia ratiba ya leo mtaona kipengele cha sita, kukabidhiwa Cheti cha Utumishi Usio na Doa, kimepigwa mstari kwa kalamu. Msidhani ni kosa la mpiga chapa. Tutafika hapo.

Mjomba aliajiriwa kama mpakiaji, akapewa usukani mwaka wa pili. Siku yake ya kwanza barabarani alipeleka jokofu nyumba isiyo yake. Aliporudi kulifuata baada ya saa moja akakuta limeshachomekwa kwenye umeme, limejaa chupa za maji, na baba mwenye nyumba anamwambia, "Ndugu yangu, subiri basi maji yapoe tunywe, halafu uliondoe." Akasubiri. Akanywa na yeye. Tangu siku hiyo alijiwekea kanuni mbili: haachi mzigo mpaka auone uso wa mwenyewe, na hamharakishi mtu akiwa kwake.

Kanuni hizo zilizaa lile daftari la jalada la kijani. Kila mlango wa Njia ya Nne una ukurasa wake. Geti jeusi: usipige honi, kuna mtoto mchanga. Fundi viatu: hasikii vizuri, pitia dirishani. Ghorofa ya pili, mshonaji: honi mbili, subiri nyimbo mbili, nyonga mbovu. Nyimbo ndizo saa ya Mjomba. Redio ya gari lake la kwanza ilikufa mapema, akaanza kujiimbia mwenyewe, na sauti yake, tuseme ukweli maadamu tunaagana, ni ya kabati linaloburutwa sakafuni.

Miezi mitatu iliyopita yakaletwa magari yasiyo na dereva. Wapakiaji waliliita la kwanza Bwana Kimya, na jina likaenea kwa yote kumi na moja. Tumpe haki yake. Bwana Kimya hasinzii, hatukanani na waendesha pikipiki, wala hajawahi kukwangua nguzo ya geti, jambo ambalo Mjomba amelifanya mara mbili, tena kwenye geti lile lile. Mtoto akikimbilia mpira barabarani, gari linakuwa limesimama kabla mama yake hajapiga kelele. Mteja aliyezoea kuagiza sabuni asubuhi akaipata jioni, sasa anaipata kabla nguo hazijalowa vizuri. Anayesema mashine hizi ni upuuzi hajazipanda.

Lakini anayesema hazimgusi mtu naye hajapita stendi ya teksi siku hizi. Shemeji yake Mjomba aliendesha teksi pale stesheni miaka kumi na tisa. Sasa teksi zinajiendesha, naye yuko kwenye banda la kuoshea, na kitambaa mkononi. "Shemeji, nafuta viti vya gari lililonifuta kazi," alimwambia Mjomba, akacheka peke yake. Mjomba alimuuliza kitu kimoja tu: abiria wenye mizigo mizito, nani anawanyanyulia? Shemeji akasema, "Wanajinyanyulia. Wasioweza hawapandi."

Tunaambiwa kazi mpya zitazaliwa. Ni kweli, zimezaliwa. Kati ya madereva kumi na wanne wa stendi ile, watatu wanafuta viti na mmoja anakodolea skrini yenye magari ishirini. Kumi waliobaki wameambiwa wakae karibu na simu. Hatuna ugomvi na usukani unaojizungusha. Ugomvi wetu ni na watu wazima, wenye elimu na tai shingoni, wanaomtoa mtu garini kisha wakaandika kwenye ripoti kwamba hakuna kilichopungua.

Kwetu utaratibu ulikuwa huu. Kila dereva angekaa siku tisini kwenye kiti cha mwangalizi ndani ya gari linalojiendesha, bila ruhusa ya kushuka. Njia ya Nne, kwa kuwa ndiyo ngumu kuliko zote, ilifanywa kipimo cha njia zote. Siku tisini zikiisha, dereva wake angejaza fomu yenye swali moja: je, gari hili linaweza kuifanya kazi ya njia hii bila mtu? Akiandika Ndiyo, madereva wote kumi na mmoja wanashuka siku moja. Akiandika Hapana, majaribio yanaanza upya, siku tisini nyingine, na kila mtu anabaki kwenye kiti chake. Siku ya tisini ilikuwa jana.

Fundi wa programu, binti mwenye miwani mikubwa, alikuja na kompyuta yake kuliingiza daftari la kijani kwenye mfumo. Mjomba alikaa naye chumba cha chai siku mbili, ukurasa kwa ukurasa. Walipofika kwa mshonaji akauliza, "Baba, wimbo mmoja ni dakika ngapi?" Mjomba hapendi kumkatalia mgeni. "Weka tatu, mwanangu." Binti akaweka dakika sita kwa nyimbo mbili, wakafungua ukurasa uliofuata.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na mwenye kosa ni Mjomba. Kuna jambo hakulieleza kwa sababu hakuwahi kujua kwamba analifanya. Wimbo wake wa pili hauanzi mpaka asikie fimbo ya mshonaji ikigonga ngazi ya juu. Asipoisikia, anaurudia wa kwanza, hata mara tatu.

Jumanne ya wiki ya pili mwezi huu, Bwana Kimya alisimama mbele ya geti la mshonaji, akapiga honi mbili, akafungua mlango wa mizigo. Skrini iliyo ubavuni mwake ikaanza kuhesabu kurudi nyuma, kama ilivyopangwa. Mjomba alikuwa kitini, mkanda umefungwa. Dakika ya tano fimbo ikasikika, bado iko juu. Zilipobaki sekunde kumi, mshonaji alikuwa kwenye kona ya mwisho ya ngazi, na kutoka pale aliziona namba zikipungua. Akaongeza mwendo. Ngazi tatu za mwisho hakuzikanyaga.

Mlango wa mizigo ukajifunga, nyuzi zake na dawa zake ndani. Gari likaanza kuondoka. Kwenye kumbukumbu zake liliandika: mteja hakutokea.

Mjomba alibonyeza kitufe chekundu cha kusimamisha gari, akafungua mkanda, akashuka. Alikaa sakafuni na mama yule dakika arobaini, kichwa cha mama pajani mwake, mpaka gari la wagonjwa likafika. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Katika muda wote huo mshonaji alimwambia neno moja tu: "Mwanangu, leo mbona umeimba haraka hivyo?"

Jioni ile akakabidhiwa barua: kuacha kiti cha mwangalizi bila idhini. Barua ya kwanza ya aina hiyo katika miaka thelathini na mmoja. Kesho yake aliitwa ofisini, ile yenye mlango wa kioo, kwa hiyo sote tuliona mikono ikipanda na kushuka. Alipotoka alitusimulia. Barua ingeweza kuchanwa. Cheti kingekuwa mezani siku ya kuagana, na picha ingepigwa. Kilichotakiwa ni Ndiyo moja. "Mjomba," meneja alimwambia, "ile namba uliitoa wewe mwenyewe. Gari lilitii tu."

Na ilikuwa kweli. Siku kadhaa hakuimba. Madereva kumi walikuwa wakiuangalia mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Dereva wa Njia ya Saba, mama wa watoto wanne, alimwambia, "Mjomba, kalamu yako ndiyo kazi yangu," kisha akaondoka akiacha kikombe cha chai kimejaa. Nyumbani, mkewe, muuguzi asiyependa maneno mengi, alimwambia, "Miaka yote hii umenichelewesha mimi kwa kusubiri watu. Ukisaini uongo kwa ajili ya fremu ya ukutani, usidhani nitakusubiri tena kwa chakula."

Kuna waliotaka aandike Hapana kwa hasira tu, yaishe. Alikataa. Alisema hasira haijibu swali la fomu, na kwamba kama namba aliyotoa ni mbaya, kazi yake ni kuitafuta iliyo nzuri. Akamfuata fundi wa programu na kumwomba aje na saa.

Asubuhi tano, kabla ya zamu, walisimama wawili mbele ya geti lile. Mshonaji, mkono kwenye plasta, alisema hata hivyo hushuka kila siku kuwakabidhi wateja nguo zao, kwa hiyo wasijione wanamsumbua. Mjomba aliimba, binti akapima. Siku ya kwanza dakika tisa. Ya pili kumi na moja. Ya tatu saba na nusu. Ya nne mvua ilinyesha, ngazi zikalowa, dakika zikawa kumi na sita. Siku ya tano mshonaji hakushuka kabisa. Mjomba alirudia wimbo wa kwanza mara tatu, akapanda, binti nyuma yake. Alimkuta amejiinamia kwenye kiti cha cherehani, homa imempanda, simu iko chumba cha pili.

Walipomwitia msaada na kurudi chini, binti alifungua kompyuta yake.

"Baba, sasa niweke ngapi?"

"Weka mtu, mwanangu."

Jana saa nne asubuhi Mjomba alijaza fomu. Aliandika Hapana, na chini yake: "Namba niliyotoa haikuwa sahihi. Kosa ni langu. Namba sahihi haipo." Fundi wa programu akasaini chini yake kama shahidi, ingawa hakuna aliyemwomba. Meneja aliisoma akiwa amesimama. Kisha akachukua ratiba ya sherehe hii na kuupiga ule mstari mlioutazama. Tumeuacha kama alivyouchora. Tulipomuuliza Mjomba kama tuuondoe, alisema, "Uacheni. Umenyooka kuliko mistari yangu yote ya kuegesha."

Tusijidanganye. Siku tisini ni siku tisini. Siku ya tisini itafika tena, fomu itakuja na swali lile lile, na kalamu itakuwa mkononi mwa mwingine. Nafasi hii aliyotununulia kwa jina lake safi tusiipoteze kwa kumzomea Bwana Kimya uani. Gari lijiendeshe, sawa. Lakini awepo wa kushuka, wa kupanda ngazi, wa kuuona uso. Hiyo nayo ni kazi, ina ujuzi wake, na ndiyo tuidai kwa maandishi, kwa sauti moja, kuanzia Jumatatu.

Jumatatu hiyo magari kumi na moja yatatoka ghalani, kila moja na mtu ndani. Mpakiaji mmoja anapanda Njia ya Saba; dereva wake anahamia Njia ya Nne, na daftari la kijani tayari liko kwake. Kwenye ukurasa wa mshonaji, Mjomba ameongeza maneno manne kwa wino mpya: "Sikiliza fimbo. Asipotokea, panda."

Mjomba, ahsante kwa magodoro, kwa keki iliyofika na ngazi zake zote nne, na kwa Hapana yako. Unaondoka na doa moja kwenye faili, sisi tunabaki na viti kumi na moja. Kapumzishe goti hilo bovu ulilotuficha, ukamlipe mkeo jioni zote ulizomchelewesha. Tunakuombea afya na miaka mingi ya utulivu. Na siku utakapoagiza unga wako, ukaanza kushuka polepole, atakayekuwa chini awe na muda wa nyimbo mbili, na wa pili asiuanze mpaka akusikie ngazini.