Usukani Huu, Juu Yake Ni Wapi?

Kijiwe chetu kiko kwenye kona, kati ya karakana ya Fundi Viti na kibanda changu cha kushona viatu. Benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha basi lililokufa. Fundi Viti alilivisha ngozi mpya, akaliegemeza ukutani, na tangu hapo hatuna adabu ya kukaa nyumbani. Rivasi ni dereva wa lori mstaafu, jina alilipata siku aliyorudi nyuma na tela zima mpaka kaunta ya posta. Wakili hakusomea sheria. Aliitwa shahidi mara moja maishani, kesi ikaahirishwa kabla hajafungua mdomo, basi ushahidi wote ukabaki tumboni na sisi ndio tunaotapikiwa kila siku. Bi Kahawa hapendi upuuzi, lakini anajua upuuzi unakausha koo, na koo kavu ndilo linalonunua kahawa. Asubuhi hiyo Fundi Viti alitoka karakanani amekumbatia usukani wa gari la kizamani, wa mbao, mpana kama sinia la shughuli, unang'aa mpaka unajiona. Lakini uso wake yeye ulikuwa wa mtu aliyeangusha simu chooni.

Fundi Viti: Jamani, juu ya usukani ni wapi?

Rivasi: Juu ya usukani ni kioo. Juu ya kioo ni mawingu.

Fundi Viti: Sitanii, mzee wangu. Ukiurudisha garini, upande upi unakaa juu?

Wakili: Kwani umeutoa wapi?

Fundi Viti: Kwenye gari la marehemu baba mkwe. Miaka sita liko chini ya turubai. Wiki iliyopita mama mkwe kasema anataka limpeleke kwa dada yake, nikalivuta mpaka hapa karakanani. Mimi nikaona, haya, nafasi ndiyo hii. Mnajua yule mama tangu nimwoe binti yake hajawahi kuketi kwangu? Akija anasimama mlangoni, anauliza hali, anaondoka. Nikasema nimtengenezee usukani kimyakimya, akiuona moyo wake ulainike.

Bi Kahawa: Na anakuja lini?

Fundi Viti: Saa nne.

Sote tukaangalia simu ya Rivasi. Saa tatu na nusu.

Wakili: Ulipoung'oa hukutia alama?

Fundi Viti: Nilikuwa na furaha.

Wakili: Iandikwe hivyo. Mshtakiwa amekiri furaha.

Nieleze hapo, maana wengine hamjui. Fundi wa magari kabla hajang'oa usukani anapiga alama ya patasi kwenye shafti, ile nondo inayobeba usukani, na nyingine kwenye usukani wenyewe, ili akirudisha alama itazame alama. Bila hivyo shafti ina meno mengi na kila jino linakwambia ni hapa. Sasa huyu wetu ni fundi wa viti. Kiti ukikigeuza vibaya, makalio yatakuambia. Na kwa bahati mbaya usukani wenyewe ulikuwa na miguu mitatu ya chuma inayotoka katikati, imeachana sawasawa, na nembo ya katikati ilishaanguka zamani.

Rivasi: Mguu mmoja unakaa chini, miwili juu. Lazima.

Wakili: Napinga. Miwili chini, mmoja juu. Kiumbe gani anasimama kwa mguu mmoja?

Rivasi: Korongo.

Wakili: Korongo analala hivyo. Unataka mama wa watu aendeshwe na usukani uliolala?

Fundi Viti: Hata mkikubaliana, miguu ni mitatu. Ni upi kati ya hiyo mitatu?

Rivasi: Tulia, kijana. Mambo ya usukani lazima uanze na historia. Magari ya kwanza kabisa hayakuwa na duara. Yalikuwa na fimbo. Unaisukuma huku, gari linakwenda kule.

Wakili: Na kwa nini wakaiacha?

Rivasi: Wake zao. Mwanamume ameshika fimbo, anamwambia mkewe, panda twende. Nani atapanda?

Bi Kahawa: Hapo umesema.

Rivasi: Ndiyo wakaleta duara. Duara halina pa kuanzia wala pa kumalizia, kwa hiyo ugomvi hauanzi.

Wakili: Na ukubwa huu je? Siku hizi usukani mdogo, mnono, umejaa vitufe kama rimoti. Huu mwembamba na mpana.

Rivasi: Zamani hakukuwa na pawa ya kulainisha usukani. Kona unaikata kwa nguvu zako. Duara likiwa pana, mkono unapata wenzo. Mimi lori langu la kwanza, usukani wake ulikuwa mpana hivi kwamba mimi nashika upande wangu, utingo anashika wake. Tukafika njia panda, mimi navuta kushoto, yeye anavuta kulia. Tukaenda moja kwa moja sokoni, tukashusha mzigo ambao si wa sokoni.

Wakili: Na wembamba?

Rivasi: Wembamba sijui.

Wakili: Mimi najua. Kidole kimoja hakivunji chawa. Usukani mwembamba vidole vyote kumi vinazunguka vikakutana, vinasaidiana.

Bi Kahawa: Chawa wameingiaje garini?

Wakili: Mbao hiyo, mama. Chawa wa mbao.

Bi Kahawa: Huyo anaitwa mchwa.

Wakili: Mahakama imepokea marekebisho.

Fundi Viti alikuwa anatokwa jasho kweli. Nilimwonea huruma, nikataka kuropoka kitu, lakini mdomoni nilikuwa na uzi.

Fundi Viti: Siku tatu jamani nimeupiga msasa! Ulikuwa na nyufa, usipoziba ufa...

Wakili: Utajenga ukuta.

Rivasi: Ukuta kwenye usukani, dereva ataona wapi?

Fundi Viti: Msasa mkavu, msasa wa maji, vanishi mara nne. Hauna hata kovu moja sasa hivi. Papaseni.

Tukapapasa. Kwa kweli ulikuwa laini, mkono unateleza wenyewe. Rivasi akauinua juu ya kichwa, akaufumbia jicho moja.

Rivasi: Nimepata. Huu ni mti. Mti una juu na una mizizi. Sasa, wale waliokuwa wanatengeneza sukani za mbao hawakuchukua mti wowote. Walichukua ule uliootea kwenye kona ya barabara, umezoea kupinda. Samaki mkunje angali mbichi.

Fundi Viti: Na juu yake?

Rivasi: Uutie majini. Upande wa mizizi unakumbuka maji, utazama wa kwanza.

Wakili: Napinga. Usukani hauna juu kabisa. Wahenga wamesema aliye juu mngoje chini. Uuvalishe vyovyote, uendeshe, ukae unasubiri. Juu itakuja yenyewe.

Fundi Viti: Itakuja nikiwa nimeshaingia mtaroni!

Wakili: Hapo utajua na chini ni wapi.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa fundi wa magari mtaa wa pili. Fundi Viti akakimbilia beseni. Nasema haya mbele yenu ili mjue hofu ya mama mkwe inavyomfanya mtu mzima. Tuliweka beseni la kufulia katikati ya njia, likajazwa maji, Rivasi akaushusha usukani polepole kama anamwogesha mtoto mchanga. Wapita njia wawili wakasimama. Usukani ukaelea kidogo, ukafikiri, kisha ukazama wote kwa pamoja, kwa sababu ya vile vyuma.

Wakili: Wote ni mizizi.

Bi Kahawa: Utoeni humo, wehu nyie! Huyo anakuja!

Mama mkwe alikuwa anavuka barabara, mwanamke mdogo, mkoba mkubwa. Fundi Viti akauchomoa usukani, akaufuta kwa shati alilovaa. Sote tukasimama.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, wanangu.

Akauona. Nikaona macho yake yanatoka kwenye usukani, yanakwenda kwa mkwewe, yanarudi.

Fundi Viti: Mama, nilitaka iwe... nilitaka ukiingia garini uukute mpya. Ni zawadi yangu.

Akanyoosha mikono, akapewa. Halafu akaketi. Kwenye benchi letu, kwenye ngozi aliyoshona Fundi Viti kwa mkono wake, yule mama aliyekataa viti vyake miaka yote, akaketi na usukani mapajani. Fundi Viti alinitazama mimi, na nikaona machozi ya furaha yanamlenga.

Mama akaupapasa kuuzunguka, kwa kidole gumba, polepole. Akamaliza duara. Akaanza tena.

Rivasi (kwa kunong'ona): Anatafuta juu. Ataijua huyu.

Wakili (naye chini kwa chini): Shahidi amepatikana.

Mzunguko wa tatu alifumba macho. Bi Kahawa alishika birika bila kumimina. Mama akafumbua macho, na sauti yake haikuwa ya ukali hata kidogo, afadhali ingekuwa ya ukali.

— Mkwe wangu, hapa palikuwa na kishimo. Cha dole gumba la marehemu. Alikichimba mwenyewe kwa kushika miaka ishirini na nane, upande wa kushoto, chini kidogo ya mguu wa chuma. Mimi nikiliinua turubai jioni huwa naketi kwenye kiti chake, naweka dole langu humo.

Fundi Viti alitazama mikono yake. Vumbi la mbao lilikuwa bado liko kwenye kucha.

— Kiko wapi? akauliza mama.

Rivasi akainamia kikombe kitupu. Bi Kahawa akageuka upande. Wakili akafungua mdomo, nami nikamkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote.