Fundi Nati na Miavuli ya Uzi

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Fundi Nati anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya sweta kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa kurekebisha mashine za kufumia, akajikuta akirekebisha pia mabomba, milango, viti, na mara moja meno bandia ya mlinzi wa lango. Jina lake la kuzaliwa limo katika hati za ofisi. Hapa hakuna anayelitumia. Aliitwa Nati kwa sababu ya vitu vilivyojaa mifukoni mwake. Mkewe amezoea kulalamika kwamba kumfulia suruali ni sawa na kufua duka zima la vifaa vya ujenzi.

Mtu asidhani kwamba alikuwa mpole. Aliyerudisha bisibisi mahali pasipo pake alisemwa, na aliyeazima nyundo bila ruhusa alinuniwa mpaka saa ya chai. Lakini kazi tunayoikumbuka kuliko zote aliifanya kwa ajili ya mtu mmoja.

Uzi wa sufu huletwa hapa katika mafungu makubwa yaliyolegea, mfano wa pete. Haufumiki hivyo, hujifunga mafundo. Ni lazima kwanza ukunjwe uwe madonge. Zamani kazi hiyo ilihitaji watu wawili: mmoja alinyoosha mikono mbele na kulibeba fungu, mwingine alikunja. Mkunjaji wetu ni yule ambaye sote tunamwita Shangazi, na mshikaji wake alikuwa wifi yake. Wifi alipohamia kwa mwanawe, Shangazi alikuwa ametoka kuugua kiharusi, na mkono wake wa kulia haukuinuka tena kupita kiuno. Ofisi ilianza kuzungumzia kumpumzisha, ilhali nyumbani alikuwa akilea wajukuu wawili waliofiwa na mama yao.

"Nipumzike niende wapi, kaka?" alimwuliza Fundi mlangoni mwa stoo. "Kitanda hakipiki."

 Fundi alikwenda dukani, akarudi na bomba la maji la plastiki begani, lile jembamba la bei ya chini kabisa, pamoja na viwiko vyake, bolti moja ndefu na washa kadhaa za chuma. Alilikata bomba, akavikingamanisha vipande, akavitoboa katikati na kuvipachika juu ya bolti iliyosimamishwa ndani ya kopo la rangi lililojazwa zege. Kila ncha ilivishwa kiwiko ili uzi usichomoke. Chombo kilifanana na mwavuli ulioibiwa kitambaa, na jina likawa hilo. Upande wa pili wa meza alibana kikunjio: kipande cha mpini wa ufagio, kilichozungushwa kwa mkono wa chuma na mkanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mkono wa kushoto peke yake ulitosha.

Siku ya kwanza mwavuli ulizunguka kwa kasi kuliko uzi ulivyovutwa, na sufu ya kijani ikatapakaa mpaka kwenye feni. Mama wa chai alichungulia, akasema, "Fundi, huyu buibui wako umemlisha nini?" Fundi akakata kandambili yake kuukuu, akaiweka chini ya mabomba iwe breki. Madonge yakatoka magumu kama mawe, nasi tukayasifu.

Hapo tulikosea sote. Sweta zilizofumwa kwa madonge hayo zilipelekwa shule ya chekechea, zikafuliwa mara moja, zikarudi mikono ikiishia viwikoni. Meneja aliamuru mwavuli utolewe stoo, na barua ya kumpumzisha Shangazi iandikwe kabla ya mwisho wa juma.

Fundi alirudia vipimo vyake vyote asione kosa. Shangazi alichukua donge moja, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Kaka Nati, uzi huu umekabwa koo. Tumeufuma ukiwa umevutwa. Ulipoonja maji, ukarudi kwao."

Fundi alicheka kwa sauti, jambo la nadra, kisha akaipunguza kandambili mpaka ikawa pete nyembamba. Juu ya mpini alivisha kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, ambacho huchomolewa donge likishajaa, ili uzi upate nafasi ya kulegea kwa ndani. Shangazi aliongeza sharti lake, ambalo mpaka leo halivunjwi: donge halifumwi siku lilipokunjwa, hulala kwanza kapuni. Walifuma mkono mmoja wa sweta, wakaupima, wakaufua mbele ya meneja, wakaukausha na kuupima tena. Haukupungua. Meneja aliichana ile barua, akaomba mwavuli wa pili.

Leo miavuli imeenea stoo yote, na Shangazi ndiye msimamizi wake. Fundi hakumficha mtu kipimo. Majirani walikuja na vipande vyao vya bomba, akawatobolea, akawagombeza kwa kununua bolti fupi, kisha akawapa ndefu kutoka mfukoni mwake.

Sasa anakwenda nyumbani, ambako mkewe anasema bawaba za kabati zinamngoja tangu harusi ya binti yao mkubwa.

Shangazi alipoombwa kutoa hotuba kwenye chakula cha kumuaga Fundi, alikataa. "Nikisimama pale nitalia, na ninyi mtaacha kula mnitazame. Niacheni stoo nikunje uzi. Akipita kwenda langoni atanisikia." Kwa hiyo, baada ya chakula mashine zote zitazimwa, na kila mmoja anaombwa kunyamaza Fundi atakapokuwa akivuka ua. Muziki utafunguliwa akishatoka.

Fundi Nati, tunakushukuru kwa mikono yako na kwa ukali wako. Uende salama, uishi kwa afya na furaha pamoja na mkeo. Na ukifika mlango wa stoo, tafadhali, usiharakishe.