Gia Iliyokuwa Kingi

Nauza kahawa kwenye benchi hili, mbele ya karakana ya Fundi Kalibu, na masikio yangu bado mazima kuliko akili za wanaokaa hapa. Fundi humimina plastiki ya maji kwenye kalibu ya mpira. Ikiganda anatoa gia za mashine za kufumia sweta. Kalibu moja hutoa gia ishirini, kisha huchanika. Jana mashine kumi na mbili za kiwandani zilifungwa gia zake mpya. Leo zote kimya. Binti yangu anafanya kazi kwenye mojawapo. Ameambiwa asirudi mpaka izunguke.

— Meno hayashikani, Fundi akasema. Gia imepwaya.

— Baridi hiyo, akasema Daktari, asiyewahi kutibu hata kuku. Imeingia kwenye plastiki.

— Baridi na jua hili? akadakia Redio, ambaye hana kitufe cha kuzimia. Ni wale wauza gia za chuma. Wametia maji kwenye plastiki yako.

— Wamepitia wapi? Mlango una kufuli tatu.

— Kwenye bomba. Wale wana mtandao.

— Mimi nasema ni dunia, Daktari akasogeza kete ya drafti. Siku hizi inazunguka kasi, kila kitu kinanywea. Hata suruali yangu.

— Suruali yako ni tumbo, nikamwambia. Binti yangu yuko nyumbani anaangalia ukuta, nyie mnapima dunia.

— Bibi, nihurumie. Kalibu ya kwanza ilipochanika, ya pili niliitengeneza kwa umbo la gia ya plastiki. Ya tatu, kwa umbo la gia iliyotoka kwenye ya pili.

— Na plastiki ikiganda inasinyaa. Ulisema mwenyewe, hapa hapa.

— Kidogo tu, Bibi.

— Kidogo mara tatu.

Akaja msimamizi wa kiwanda, mama asiye na maneno mengi, mfuko wa gia mkononi. Hakukaa.

— Fundi, tulikuletea gia ya chuma uichukulie umbo. Iko wapi?

Redio akazimika. Daktari akautazama mtaro. Miezi miwili gia ile ilikuwa kete ya kingi kwenye drafti yetu. Fundi mwenyewe ndiye aliyeileta, kete ilipopotea. Kila alipoihitaji kazini, mchezo ulikuwa katikati, tukamzuia. Jumamosi Daktari alifungwa mara tano mfululizo, akaitupa mtaroni, maji yakaenda nayo. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

— Iko wapi? akauliza tena, taratibu.

Nikaanza kukusanya vikombe, hata vilivyokuwa bado na kahawa.