Mama Etelka Vadnay, Aliyewavisha Mashujaa Bukta

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Mtaa wa Sabini na Tisa, mimi ni Margit, mke wa Andris, familia imeniomba niwasomee maisha ya mama mkwe wangu, nami nitayasoma yote, pamoja na lile ambalo familia hailijui.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1898 huko Miskolc, Hungaria, akavuka bahari na wazazi wake mwaka 1907, akasoma hapa New York hadi darasa la sita, na mwaka 1913 akaanza kushona nguo za wanasarakasi kule Coney Island. Tarehe 5 Juni 1921 alifunga ndoa na marehemu Lajos, fundi wa mitambo ya kuchapa, wakajaliwa mtoto mmoja, Andris, tarehe 2 Februari 1923.

Mwaka 1939 Mama alipata kazi ya kupaka rangi vitabu vya katuni, na huko kijana mchoraji akamwonyesha shujaa wake mpya, aliyevaa nguo ya kubana mwili mzima, naye Mama akacheka, akamwambia kwamba mbeba vyuma wa sarakasi akichuchumaa na nguo ile itampasukia, basi amvishe bukta juu yake, ampe joho ili hata akisimama aonekane ana mwendo, amwekee alama kubwa kifuani ionekane hata na mtoto aliyekaa kiti cha nyuma sarakasini. Rangi alichagua nyekundu na bluu iliyokolea, kwa kuwa karatasi duni ya vitabu vile hunywa wino. Kitabu kilitoka na jina moja, la kijana, na Mama akabaki na michoro aliyomchorea ya mavazi yale, arobaini na mmoja, ndani ya boksi la kofia chini ya kitanda.

Machi 1944, Andris akiwa vitani na mimi nikimnyonyesha binti yetu Zsuzsi, wanafunzi walipita wakikusanya karatasi kuukuu zisagwe upya kusaidia vita, nikafungua boksi lile, nikaona makaratasi yenye madoa ya rangi, nikawapa.

Mei 1949 alikuja bwana mmoja aliyetayarisha maonyesho ya katuni za mwanzo, akasema akipata hata mchoro mmoja ataandika jina la Mama ukutani. Mama alipiga magoti, akapapasa chini ya kitanda, akanitazama nilivyosimama na sahani ya keki, kisha akamwambia mgeni, "Niliitupa mwenyewe, mwanangu. Nani anatunza takataka miaka kumi?"

Mimi nilimkatia mgeni keki. Kesho yake alinipikia tambi za mbegu za mpopi, ambazo alijua nazipenda, akamshonea Zsuzsi joho lenye vifungo vizito kwenye pindo ili lipepee vizuri, na jambo lile hakulitaja tena.

Alianza kuugua moyo Agosti mwaka huu, akalazwa tarehe 20 Oktoba, na kila siku nilikwenda nikiwa nimekusudia kumwambia, na kila siku yeye alinitangulia kwa kuuliza kama nimekula, hadi Jumanne tarehe 6 Novemba 1951, saa nne asubuhi, alipofariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu Bi Hedvig aliyepanda ngazi na supu kila siku, na wapaka rangi wenzake, waliokuja leo moja kwa moja kutoka kazini, vidole vyao vikiwa bado na rangi. Nawaomba ninyi hasa mlikumbuke jina lake, kwa maana ushahidi wa kazi yake niliugawa mimi, hakuutupa yeye.

Pumzika kwa amani, Mama, nimechelewa kusema.