Jumba la Baba Linavuja

Ndani ya basi, bibi mmoja alimsimulia fundi seremala aliyeketi kando yake, mtu asiyemjua kabisa, jinsi jumba la marehemu baba yake linavyovuja. Ghorofa ya juu ameshaifunga yote. Sasa analala jikoni kama paka.

"Si uliuze, mama?" fundi akauliza.

"Ndugu zangu wakirudi, watabisha hodi wapi?"

"Wanarudi lini?"

Walihamia ng'ambo wangali vijana, na siku hizi hata simu hawapigi.

"Watu wa makumbusho wanalitaka," bibi akasema. "Watalikarabati vizuri, ila mimi nihame."

"Basi wape, lipone!"

"Lipone, halafu mimi niende kwa nani, mwanangu?"

Basi likasimama. Fundi akaaga, akashuka. Kituo cha bibi kilikuwa nyuma sana. Alikuwa amekiona kikipita, akaendelea kuongea na fundi.