Tairi Lililoshika Kitenge

Wenye watoto wanaoshusha magari yao yalale chini, someni hapa. Jana kwenye hais ya kutoka Muleba, kijana aitwaye Avit alikuwa amepakata tairi. Likashika kitenge cha mama aliyekaa pembeni yake, likakichana. "Waitu, mwanangu, tairi jipya linang'ata?" mama akauliza.

"Ni jipya kwa nje tu, mama. Kwa ndani limeisha mpaka nyaya zimetokeza." Akaeleza kwamba alikata springi ili gari lilale chini, matairi yakainama, yakawa yanalika upande wa ndani. Yeye alikuwa akiyang'arisha kwa nje na kuyasifia. Asubuhi hiyo alitaka kumpeleka mama yake kliniki Bukoba. "Nikapitia kwa fundi wangu, akapitisha mkono nyuma ya tairi, akaninyang'anya funguo. Namshukuru sana."

"Mshukuru kwa kulipandisha gari juu. Hilo ni gari au fagio la barabara?"

"Atayanyoosha matairi kwa alaimenti, mama, na nitakagua kila wiki. Gari likiwa chini limependeza!"

"Limempendeza nani? Mama yako anapanda kama anaingia shimoni."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana mwanangu Mwesiga naye ameshusha gari lake. Tulifika stendi bado wanabishana. Nikampigia Mwesiga simu kabla sijashusha kikapu: "Kata usukani mpaka mwisho, papasa tairi kwa ndani."

Alinung'unika, akaenda. Nikasikia "Aii!" "Mama," akasema, "nyaya zimenichoma."

Nilimkimbilia yule mama, nikakishika kitenge chake kilichochanika, nikamshukuru. Hakuelewa kwa nini nalia.