Albamu Aliyoiacha Annegret Tessmer

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Wuppertal pamoja na baridi hii, kwa niaba ya familia, mimi Gernot, mdogo wake, ninawasomea maisha ya dada yetu.

Marehemu Annegret alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 mjini Solingen, mtoto wa kwanza wa mnoa visu Ewald Dörfler na mama yetu Hedwig, akasoma huko huko hadi mwaka 1967, akajifunza ufundi wa redio, kisha akafanya kazi katika karakana ya vinanda vya kanisani mpaka alipostaafu.

Mwaka 1976 alifunga ndoa na Ulf Tessmer, wakajaliwa binti mmoja, Wiebke, wakawa wanapiga muziki pamoja kwa sinthesaiza, vile vinanda vya umeme vyenye vifundo vya kuzungusha na nyaya tele. Ndoa ilipovunjika mwaka 1984, Ulf aliondoka na jina la bendi yao, Annegret akabaki na mtoto na vinanda, akavifunika mashuka katika chumba cha chini ya nyumba, asiviguse tena.

Alivifunua mwaka 2019, akavitengeneza kimoja kimoja, akaanza albamu yake peke yake, bila mwimbaji wala mwenzi, na tulipomwuliza anamtengenezea nani, alisema tumwache asikilize kwanza.

Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi, na dawa, ingawa zilimpa nafuu, zilimtia ganzi vidoleni hata asihisi kifundo kikigeuka, basi mwezi Aprili akaziacha.

Wiebke alimwambia jikoni, "Mama, yaani mashine zile umezipenda kuliko mimi?"

Akamjibu taratibu, "Wewe nimekuzaa, nikakulea, ukakua. Albamu hii bado iko tumboni, mwanangu."

Hawakusemezana hadi Julai, Wiebke aliporudi akamkuta mama yake hawezi hata kuketi, akambeba hadi chumba cha chini penye vinanda, akamlaza kwenye godoro, akawa anageuza vifundo yeye, mama akimwelekeza kwa macho, na sauti ya mwisho ilipokaa mahali pake, Annegret akasema, "Iache hapo. Usiizime." Wakaisikiliza pamoja, mpaka mama akasinzia.

Alifariki nyumbani tarehe 3 Novemba, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Wiebke. Santuri za albamu yake zililetwa Jumanne hii, na sanduku lililozibeba bado halijafunguliwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa karakana, na jirani yetu Bibi Kalthoff, aliyemletea supu ya dengu na hakulalamikia kelele hata siku moja.

Pumzika kwa amani, dada. Wiebke tutakaa naye.